Doa Lisilozunguka

Kumuudhi Mama Lenzi hakukuhitaji matusi. Ilitosha kukaa kwenye kiti chake maabara, ukashika ile mirija miwili ya kuchungulia kwenye hadubini na kuitanua kidogo. Hapo siku yake ilikuwa imeshaharibika.

Mirija hiyo husogezwa kufuata nafasi iliyopo kati ya macho ya anayechungulia. Mwenye uso mwembamba huibana, mwenye uso mpana huitanua. Mrija wa kushoto una pete, na kila mtu huizungusha mpaka jicho lake la kushoto lione sawasawa na la kulia. Kwa miaka mingi pale zahanati, pete ile haikuwahi kujua mkono mwingine. Mirija ilikaa kwa kipimo cha uso wa Mama Lenzi, asubuhi mpaka jioni, na hata jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wamelisahau.

Kisha akahamishiwa pale mtaalamu mwingine wa maabara, mwanamke wa makamo, mama wa mapacha, mpole, mwenye uso mpana. Siku ya kwanza Mama Lenzi alimwita Mgeni. Mwaka ukazunguka, Mgeni ameshajua mpaka mlango upi unakwama mvua ikinyesha, na bado anaitwa Mgeni. Hilo halikuwa bahati mbaya hata kidogo.

Kila asubuhi Mama Lenzi aliinama kuchungulia akakuta mirija imetanuka. Roho ilimuuma kama mtu aliyekuta kitanda chake kimelaliwa. Aliibana tena, akarudisha pete mahali pake, na kusonya kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka dirisha la dawa.

"Shikamoo, mama," Mgeni alisema kila akiingia.

"Marahaba. Nani amegusa hadubini?"

"Mimi, mama. Kulikuwa na mgonjwa wa haraka."

"Mm."

Kosa la kumshika nalo hakuliona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mgeni alibeba hadubini kama inavyotakiwa, mkono mmoja umeshika shingo yake na mwingine umekinga kitako. Alianza na lenzi fupi. Alipandisha jukwaa lenye kioo cha damu kwa gurudumu kubwa huku akitazama kwa ubavuni, asije akagonga lenzi, ndipo akachungulia na kulishusha polepole. Gurudumu dogo aliliacha kwa ajili ya kusafisha picha tu. Tone la mafuta aliliweka kwa lenzi ndefu kuliko zote, na akimaliza aliifuta kwa karatasi laini, wala hakuzungusha lenzi nyingine ikapita kwenye mafuta yale. Mama Lenzi alimvizia wiki baada ya wiki, akangoja ateleze. Hakuteleza. Mtu wa namna hiyo unamchukiaje bila kujiona mbaya? Lakini Mama Lenzi alijitahidi.

Nyumbani hasira alimmalizia mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na miwani minene, na jioni mkewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano, huku akimcheka kwamba macho yake yamestaafu kabla yake.

"Leo daktari kapita maabara, kamsalimia Mgeni kwanza," alisema jioni moja, uzi ukikataa kupita tundu. "Kwanza! Na mimi nimekaa pale kama kabati."

"Labda alikuwa karibu na mlango."

"Usimtetee! Humjui. Na huu uzi wako umenunua wapi? Nyuzi za siku hizi zina manyoya."

Fundi alichukua sindano, akapapasa, akatunga mwenyewe. Ndoa yao ilikuwa imedumu kwa sababu kama hizo.

Lakini safari hii wivu ulikuwa na kitu cha kugombania. Daktari mkuu alikuwa ametangaza kwamba karibuni atamteua msimamizi wa maabara, mtu ambaye neno lake juu ya kioo chenye utata litakuwa la mwisho. Neno hilo lilikuwa la Mama Lenzi siku zote, ila halikuwahi kutangazwa. Sasa litatangazwa, na pengine kwa mwingine. Alipoteza hamu ya chakula.

Kesi ikaja yenyewe. Mwalimu wa chekechea aliletwa na homa kali. Mama Lenzi akapima damu yake, akaandika kuwa hakuna vijidudu vya malaria. Kesho yake mwalimu akarudishwa akiwa hoi. Daktari akamwomba Mgeni aangalie kioo kilekile, na Mgeni akaviona.

Daktari akaingia maabara, hana ukali usoni, na hilo lilimtisha Mama Lenzi kuliko ukali.

"Mama, kioo ni kimoja. Nisaidie kuelewa."

Mama Lenzi alikuwa na jibu tayari, alikuwa nalo wiki nzima. Kwa siku kadhaa alikuwa akiona doa la ukungu katikati ya picha, na alishajua limetoka wapi.

"Hadubini imechafuliwa," alisema. "Kuna doa. Kabla hajaja huyu, doa halikuwepo. Amepaka mafuta pasipotakiwa, mimi nikashindwa kuona. Nami nitawaonyesha hapa hapa doa liko wapi."

Mgeni aliinamisha kichwa. Alizijua hatua za kulisaka doa kama azijuavyo Mama Lenzi, maana kila mtu wa kazi ile huzijua. Ukizungusha lenzi ya jicho na doa likazunguka nayo, uchafu uko hapo. Ukisogeza kioo likasogea, liko kwenye kioo. Ukibadili lenzi ya chini likatoweka, liko kwenye lenzi ile.

Mama Lenzi akaketi. Akabana mirija kwa mbwembwe, daktari akiangalia. Akazungusha lenzi ya jicho.

Doa halikuzunguka.

"Haliko hapa," alisema. "Nilijua. Liko chini."

Akasogeza kioo. Seli za damu zikapita kama watu sokoni, doa likabaki limesimama. Akabadili lenzi ya chini, kisha akabadili nyingine. Picha ilikua na kupungua, na doa lilikuwa palepale.

"Labda ni vumbi kwenye kikusanya mwanga, mama," Mgeni alisema taratibu. "Kile cha chini ya jukwaa huwa kinasahaulika."

Mama Lenzi akakishusha kikusanya mwanga, akakipandisha, akafungua kiwambo cha kupunguzia mwanga na kukibana. Mwanga ulibadilika. Doa halikubadilika. Akaelewa kwamba Mgeni alishajua doa haliko kwenye hadubini, na alikuwa akimtafutia njia ya kutokea mbele ya daktari. Angependa kumpiga kofi kwa wema ule.

Kuchungulia alijifunzia kwenye hadubini kuukuu ya mrija mmoja, na jicho alilolizoeza lilikuwa la kushoto. La kulia lilisindikiza tu. Sasa akasogeza kichwa kidogo, kana kwamba anajiweka vizuri kitini, akaweka jicho la kushoto kwenye mrija wa kulia. Doa likahama naye. Kisha akaweka jicho la kulia mahali pale pale. Picha ikawa safi kama maji ya mtungi, na ndani ya seli nyekundu, bila kificho, vimekaa vipete vidogo vya malaria ambavyo jana aliapa havipo.

Angeweza kusema ni taa. Daktari angekubali, na Mgeni, alijua, asingefungua mdomo. Akamfikiria mwalimu wa chekechea kwenye kitanda chake. Akaufikiria uzi wenye manyoya.

"Hadubini ni nzima," alisema. "Doa liko jichoni mwangu."

Daktari akakohoa, akasema maneno mazuri kuhusu wataalamu wa macho na matibabu, akatoka kwenda kwa mgonjwa wake. Kwenye foleni kilikuwa kimeshaingia kioo kingine, cha mtoto.

Mama Lenzi akainuka kitini. Wivu haukuwa umeondoka, msidanganyike. Ulikuwa mkali kuliko siku zote.

"Kaa," alimwambia Mgeni.

Mgeni akakaa, akaunganisha mikono mapajani, hakuthubutu kugusa kitu.

"Tanua," alisema Mama Lenzi. "Weka kipimo chako."

Mirija ikafunguka. Pete ikazunguka. Mama Lenzi akaitazama mpaka iliposimama, akashika kalamu, akaketi kwenye kigoda cha pembeni alipokuwa akikaa Mgeni.

"Haya," alisema. "Niambie unaona nini."