Maana ya MJ kwenye Makabati ya Keko

Mie ni mwanafunzi wa shahada ya pili, natafiti mafundi seremala wa Keko, na kila ninachogundua nakiweka kwenye tovuti yangu. Kuna jambo lilikuwa likinikereketa: baadhi ya makabati yaliandikwa MJ kwa chaki, nyuma. Kuuliza nikaona aibu, msomi mzima! Nikakisia. Nikaandika kwamba MJ ni “mbao ya jadi”, alama ya kazi bora.

Juzi fundi Saidi akanipigia. “Sista, njoo upesi.”

Nilimkuta karakanani na mama mmoja aliyeshika simu, ukurasa wangu umefunguliwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Nimesoma, nikageuza kabati langu, nikaiona MJ. Sasa nataka na kitanda kiandikwe.”

Fundi akanivuta pembeni, akaninong’oneza, “MJ ni mteja jeuri. Tunaandikiana wenyewe, tujihadhari.”

Hapo ningenyamaza, yangeisha. Lakini udadisi wangu ni ugonjwa.

“Jeuri kivipi?” nikauliza, kwa sauti ileile ninayotumia darasani.

Randa zote zikasimama. Yule mama akashusha simu.

“Nani jeuri?”