Sentensi Sita za Mama Shuka

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, na huko nako lilikuwa limefutika nusu. Wauguzi, madaktari, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Shuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefua mashuka ya hospitali nzima katika chumba cha chini, mashine zikinguruma na mvuke ukimganda usoni, na ukimuuliza shuka hili limetoka wodi gani angekwambia kwa kunusa tu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeondoka kwenda kusoma nje, akapata kazi huko, akaoa huko, na huko huko akamzalia mama yake mjukuu.

Mjukuu huyo hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mlaumu umtakaye. Baba mtu anarudi kutoka kazini amechoka hoi, mama mtu lugha hiyo haijui, na mtoto huzungumza kama wanaocheza naye. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri simu ilipoita, na sura ya mtoto ikatokea kwenye kioo, mazungumzo yote yalipita mdomoni mwa baba yake. Mtoto alisema maneno mawili matatu akitazama pembeni, na baba akatafsiri: "Anasema anakukumbuka sana, Mama." Au: "Anauliza utakuja lini umwone."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa Mama Shuka nguvu wiki nzima. Jumatatu alifika nayo kazini kama mtu aliyetoka harusini, akamsimulia mpiga pasi mwenzake huku wakikunja mashuka, huyu kashika pembe hizi na yule zile.

"Anauliza nitakwenda lini, mwenzangu! Mtoto wa miaka sita!"

"Sasa siku ukienda mtaongea nini? Si mtatazamana kama picha ukutani?"

Mpiga pasi alisema kwa utani, lakini maneno yalimchoma Mama Shuka. Alitaka, walau mara moja kabla hajafa, kuzungumza na mjukuu wake yeye mwenyewe, mdomo kwa sikio, bila mkalimani. Wiki hiyo hiyo akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, katika chumba cha nyuma cha maktaba, Jumanne na Alhamisi saa kumi. Hakumwambia mwanawe. Alitaka kumshtukiza.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mambo ya jana yana umbo lao, ya kesho yana lao, na Mama Shuka aliyachanganya mpaka kichwa kikamuuma. Ndipo siku moja mwalimu, binti mdogo kuliko mwanawe, akaandika ubaoni maneno sita kutoka juu hadi chini: always, usually, often, sometimes, rarely, never. Juu kabisa siku zote, chini kabisa kamwe, na katikati zile mara nyingi na mara chache zetu.

"Wazazi wangu," mwalimu akasema, "ya jana na ya kesho tuyaache kwanza. Kwa maneno haya unaweza kumweleza mtu maisha yako yalivyo. Unachofanya kila siku, unachofanya mara moja moja, usichofanya kabisa. Na ukiyashika, hata mtu akisema mbio mbio, utajua tu anasifu au analalamika."

Kila mmoja akatakiwa kutoa sentensi ya kweli. Dereva wa gari la taka akasema mke wake is always right, yaani siku zote hakosei, darasa zima likaangua kicheko. Zamu ya Mama Shuka ilipofika, alisimama, akasema: "We always wash blood in cold water. We never use hot water."

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Maji ya moto yanaipika damu, mwalimu. Ikishaiva haitoki tena, hata ufue mpaka shuka lichanike."

Mwalimu alipiga makofi, na Mama Shuka alikwenda nyumbani kwa miguu, akasahau kabisa kwamba alizoea kupanda gari.

Jumamosi ambayo mjukuu angetimiza miaka saba ilipokaribia, alikuwa na sentensi sita zake. Huamka saa kumi na moja, mara nyingi. Huimba kazini, wakati mwingine. Huugua, mara chache. Aliziandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, asije akahangaika na miwani. Ya mwisho aliiandika kubwa kuliko zote: I always think about you. Siku zote nakuwaza. Kwa wiki nzima alimwimbia mpiga pasi sentensi hizo juu ya mashuka, mpaka mpiga pasi, ambaye darasani hakukanyaga, akawa anamsahihisha.

Siku ikafika. Alivaa gauni lake la kutokea, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha ili aonekane vizuri, karatasi mapajani. Simu ikaita, akatokea mwanawe, halafu mtoto akavutwa mbele ya kioo, mdomo umejaa keki.

"Msalimie bibi," baba yake akamwambia kwa Kiingereza, na hilo Mama Shuka alilielewa, akafurahi. Akafungua mdomo aanze ya kwanza.

Mtoto alimgeukia baba yake. Hakupaza sauti wala hakuwa na ubaya. Alisema tu kama mtoto aulizaye kwa nini lazima anawe mikono. "Why do I always have to talk to her? She never understands. She always just smiles."

Kwa nini siku zote ni lazima niongee naye? Haelewi kamwe. Siku zote anatabasamu tu.

Yalikuwa yameingia yote, halikupotea hata neno. Mama Shuka akaufunga mdomo.

"Anasema anakukumbuka sana, Mama," mwanawe akatafsiri. Wala hakusita.

Miaka mitatu ya Jumamosi ilimpita kichwani Mama Shuka. Utakuja lini, nakupenda, nimekuchorea picha. Hakujua tena ipi ilikuwa ya mtoto na ipi ya baba. Iliuma, tena iliuma vibaya. Angeweza kusoma sentensi zake sasa hivi, mtoto angeshangaa, huenda hata angecheka. Lakini baba yake angebaki pale uchi, mbele ya mama yake na mwanawe. Akajikaza kisabuni.

"Mwambie na mimi namkumbuka," akasema kwa Kiswahili. "Na huwa anasema hivyo kila mara?"

"Kila mara, Mama."

Mtoto akaachiwa, akatoweka mbio na sahani yake. Machozi yakamtoka Mama Shuka kabla hajajiandaa, akainua mkono ayafute, na karatasi aliyokuwa ameishika ikainuka nao, ikajaa kioo kizima.

Aliposhusha mkono, mwanawe alikuwa amesogea karibu sana, macho bado yakisoma.

"Mama. Umeanza lini kusoma?"

"Mwezi wa tatu."

Mwanawe alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa na mvi, Mama Shuka hakuwahi kuziona.

"Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia, baba," akamjibu taratibu. "Usimgombeze mtoto."