Nilipotolewa Kijiti Lodwar

Siku niliyotolewa kijiti cha kupanga uzazi naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilitoka zahanati na bandeji mkononi, nikanunua soda baridi na kuinywa nimesimama pale pale barabarani, mimi ambaye huwa nawasema wanawake wanaokula njiani. Ilikuwa Lodwar, mwaka 2012. Binti yangu Akai alikuwa amefikia umri wa kunibishia, na mimi na baba yake, Ekal, tulikuwa tumekubaliana kwamba sasa tunataka mtoto wa pili.

Muuguzi alinieleza bila kuzunguka. "Mama Akai, usifikiri mwili unangoja. Dawa ikitoka, uzazi unarudi. Unaweza kushika mimba hata mwezi huu. Kama hutaki bado, niambie sasa nikupe njia nyingine." Nikamwambia nataka. Akacheka, akasema basi nenda nyumbani.

Nikaenda nyumbani. Na nyumbani tulikuwa mimi, Akai na mama mkwe. Ekal alikuwa Kakuma, analinda ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na kambi ya wakimbizi. Alikuja mwisho wa mwezi, akalala kidogo, akacheza na mtoto, akapanda gari akarudi kazini.

Mwezi ukapita, mingine ikafuata, tumbo langu liko vile vile. Hapo midomo ikafunguka. Jirani mmoja alisema kijiti kimekula kizazi. Mwingine akasema kimetembea kutoka mkononi hadi tumboni. Nikamwonyesha kovu, nikamwambia nilikiona kwa macho yangu kikiwekwa kwenye kisahani. Akanijibu kwamba hicho nilichoonyeshwa kilikuwa kingine. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Mama mkwe hakusema ya majirani. Yeye alishika lake: kijiti kilikaa miaka mitatu, basi uzazi nao utachukua miaka mitatu kurudi, na mwanawe hawezi kungoja yote hiyo. Alikuwa ameshatuma neno Lokori, kwa watu wenye msichana wa kuolewa.

Mwanangu, niliogopa. Mke mwenza si jambo geni kwetu, na wapo wake wenza wanaopendana kuliko ndugu wa tumbo moja. Lakini kuletewa mwenzangu kwa sababu nimeitwa tasa, na huku nina mtoto ananivuta nguo akitaka chai, hilo liliniuma. Usiku sikuwa nalala vizuri, na mchana nilikuwa nazira chakula.

Wazee wakachinja mbuzi wa baraka. Majani ya tumboni mwake, yakiwa bado na joto, nikapakwa tumboni na kifuani, kama walivyopakwa mama zetu. Niliipokea baraka ile kwa moyo wote, na hadi leo siicheki. Kinachonichekesha ni Ekal. Alikuja kwa ajili ya shughuli hiyo, akala nyama, akafuta mikono, akawahi gari la kurudi Kakuma hata jua halijazama.

Siku chache baadaye akaja Ata. Ata kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba mkwe wangu, mkwe wa mama mkwe wangu mwenyewe. Aliishi upande wa Kalokol, ziwani, na alituletea samaki wakavu. Mama mkwe akammwagia yote: kijiti, miezi iliyopita, msichana wa Lokori. Ata alisikiliza huku anatafuna tumbaku yake, kisha akaniita mimi.

"Mama Akai, ile ngozi tunafungia beberu chini ya tumbo, unajua?"

"Naijua, Ata." Nani asiyeijua huku kwetu? Beberu hufungwa kipande cha ngozi asipande mbuzi ovyo, watoto wasije wakazaliwa wakati wa kiangazi, hakuna jani.

"Ukifungua hiyo ngozi, mbuzi inakaa miaka ngapi ndio ishike mimba?"

"Haikai, Ata. Inashika tu."

"Hata kama ngozi ilikuwa imekaa sana?"

"Hata."

Akamgeukia mama mkwe. "Sasa hii yenu imefunguliwa. Beberu iko wapi?"

Mama mkwe aliangalia chini. "Iko Kakuma."

"Na mbuzi iko Lodwar. Halafu mnakaa hapa mnasema kijiti, kijiti." Akatema tumbaku. "Peleka huyu mtoto kwa bwana yake. Mambo ya Lokori wacha kwanza."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Akai akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, nami nikadhani ni hasira za kuaibishwa mbele ya mke wa mwanawe.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 nikahamia Kakuma na Akai. Tulipata chumba cha mabati nyuma ya maduka, mchana kikiwaka joto utadhani umekaa jikoni, na vumbi la mabasi ya Kitale likiingia mpaka kwenye unga. Nilisuka vikapu vya majani ya mkoma, ule mti ndugu wa mnazi, nikawauzia watu wa maofisini. Ekal alirudi asubuhi kutoka kwenye lindo, tukanywa chai pamoja, tukagombana kuhusu nani amemaliza sukari. Nilikuwa na raha, mwanangu, na nilijua kwamba nina raha. Mvua zilipoanza, harufu ya samaki ikanishinda ghafla nikakimbilia nje. Ekal alinifuata na kikombe cha maji, anacheka peke yake.

Habari zilipofika Lodwar, mama mkwe akapanda gari mwenyewe akaja, na kibuyu cha maziwa mapajani. Hakusalimia kwa maneno mengi. "Ejok," alisema, yaani ni vyema, akaketi, akaweka mkono tumboni mwangu na kuuacha hapo.

"Mimi pia waliniita tasa," akasema. "Baba ya Ekal alikuwa anakaa na ng'ombe huko mpakani. Anakuja mvua kwa mvua. Wakaniletea mwenzangu."

"Nani alimleta?"

"Ata."

Nje basi lilipiga honi, naye akasogea karibu nami.

"Hiyo swali ya beberu," akasema, "kwangu hakuuliza."

Nilimshika mkono tukalia wote wawili, kisha tukanywa maziwa yale. Alikaa kwetu mpaka mtoto akazaliwa, mvulana, na Lokori haikutajwa tena kwenye nyumba yetu.

Sasa wewe umeniuliza kama kijiti kitakuharibia kizazi. Hakitakuharibia. Siku kikitoka, uzazi unarudi upesi, kwa hiyo kama hutaki mimba bado, chukua njia nyingine siku hiyo hiyo, usije ukashtukizwa. Ukitaka mtoto, kaeni pamoja kama mke na mume. Wengine hushika mapema, wengine hukawia, na kukawia si kuharibika. Mkikaa pamoja mwaka mzima bila kitu, nendeni hospitali wote wawili, na mume naye apimwe, asikusindikize mlangoni tu. Na ukiwa mama mkwe siku moja, uliza kwanza kabla hujamwita mtoto wa watu jina ambalo halifutiki.

Njoo karibu nikubariki. Mimi nasema, wewe itikia kwamba vipo. Maji yawepo. Maziwa yawepo. Mtoto unayemtaka, wakati unaomtaka, awepo. Na siku watu wote wakikunyooshea kidole, awepo mmoja wa kuuliza kwa ajili yako. Sema kwa sauti, mwanangu: yupo.