Mpiga Picha wa Kilibula na Sahani ya Mama

Habari za kifo chake zilinifikia shuleni Sange, asubuhi ya siku ya soko, chaki ikiwa mkononi. Mwalimu mwenzangu mwenye jamaa Uvira alisimama mlangoni akaniambia kwamba yule mzee wa picha wa Kilibula, mtaa wa nyumbani kwetu Uvira, amefariki, kwamba aliugua siku nne tu, na kwamba mazishi ni kesho. Nilimaliza somo la hesabu kwa sababu watoto walikuwa wananitazama, kisha nikaenda kukaa nyuma ya darasa peke yangu. Sikuwa ndugu yake, wala siwezi kudai nilikuwa rafiki yake wa karibu. Tulifahamiana kama watu wa mji mmoja wanavyofahamiana, kwa salamu nyingi na mazungumzo mafupi. Hata hivyo kesho yake nilipanda basi la kwanza la kwenda Uvira, na nilipofika kwake nilikuta njia imejaa wanawake wa soko. Wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuja na aproni zao zenye magamba, maana walitoka mezani moja kwa moja. Nimeona soko likifungwa kwa amri ya wakubwa mara nyingi, lakini siku ile meza za samaki zilikuwa tupu na hakuna aliyeamuru. Wasomaji wangu wanajua kwamba mimi si mwepesi wa kusifu, hasa kusifu marehemu, kwa kuwa kufa peke yake si sifa. Huyu nitamsifu, na kabla sijamaliza nitajisema na mimi mwenyewe.

Nilimjua kwanza kwa ugomvi. Ilikuwa siku ya wanawake, na sisi walimu tuliitwa mjini kutembea katika defile, gwaride la sikukuu, pamoja na wakunga, wauguzi, washonaji na mama wa soko, wote katika kitenge cha aina moja. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kisigino ambavyo vilikuwa vimeanza kunichukia tangu asubuhi. Mbele ya tribine, pale walipoketi wakubwa, nilipita vizuri, kichwa juu, mkono ukienda na mguu kama nilivyofundishwa. Hatua chache baada ya kupita nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikaendelea pekupeku huku nikicheka na mwenzangu na kumwambia kwamba afadhali kulima kuliko kuandamana. Wiki mbili baadaye nikaona picha yangu imebandikwa kwenye ubao wa mpiga picha mmoja Kilibula, mwalimu mzima, viatu mkononi, mdomo wazi, na vidole vya miguu vimejaa vumbi. Niliingia ndani nikiwa nimewaka. Nilimwambia kwamba ananiaibisha mbele ya wanafunzi na wazazi wao, na kwamba kama hakuniona nilipokuwa nimenyooka, basi macho yake yana kasoro.

Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akasema kwa upole, “Mwalimu, pa tribine mulikuwa bote sawasawa. Ni pale mbele njo nilikuona weye.” Akaibandua picha, akanipa. Niliificha kwenye mkoba nikatoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Wapiga picha wengine wote husongamana kuelekea tribine, wakipigana viwiko ili mkubwa aonekane anapunga mkono. Yeye alisimama mbali, baada ya kona, pale ambapo defile inavunjika na watu wanarudi kuwa watu. Hapo aliwapata askari wakifungua kola, watoto wa shule wakigombania maji, na mama mmoja akimtoa mtoto mgongoni ili amnyonyeshe kabla bendi haijanyamaza. Siku moja ofisa wa itifaki alimwita na kumwuliza kwa nini katika picha zake zote za defile hakuna hata mheshimiwa mmoja. Watu wanasema alijibu kwamba wale wameketi, na defile ni ya wenye kutembea. Hawakumwita tena kwa kazi hiyo, naye mwaka uliofuata alikwenda hivyohivyo, akasimama kwenye kona yake ileile.

Mengine aliyoyapiga yalikuwa soko na chakula. Alfajiri alikuwa ufukoni, mitumbwi ikirudi, akipiga mizani, madebe na vidole vya wanawake wanaochagua mikeke, samaki wanono wa ziwani, kwa kuibonyeza karibu na macho. Alipiga mchele wa Kiringye ukimiminwa kwenye mikeka, mawese yakiingia kwenye chupa, muhogo ukianikwa kando ya barabara kuu hadi magari yanalazimika kukwepa. Zaidi ya yote alipiga vyungu na sahani. Alikuwa anaingia kwenye ua wa mtu, anaomba ruhusa, anakula kidogo kama amekaribishwa, ndipo anainua kamera. Nakiri kwamba nilimcheka. Nilijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayepiga picha bugali, kitu kilicho katika kila nyumba kila siku ambacho hakijawahi kubadilika umbo. Siku hizi kila kijana ana simu, na bugali linapigwa picha hadi linapoa, lakini picha hizo zinazama kwenye simu na simu inazama ziwani. Yeye alizitoa zote kwenye karatasi, akazipanga kwenye makasha ya bati. Maji yalipoingia mjini kutoka milimani mwaka ule ambao watu wa Uvira hawahitaji kukumbushwa, jirani zake walimwona akitoka na makasha kichwani, akirudi, akitoka tena. Godoro lake aliliachia maji.

Maji hayohayo ndiyo yaliyomchukua mama yangu. Hapa, msomaji, naomba uvumilivu, kwa sababu jambo hili sijaliandika mahali popote. Mama alikaa Kilibula karibu na mto, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Kila masika nilimwomba ahamie kwangu Sange, naye kila masika alikataa, akisema mto huo amezaa watoto wake akiusikia. Mara ya mwisho tulibishana mbele ya kaka yangu mkubwa, na mimi, kwa ulimi huu ninaoutumia kulishia familia, nikamwambia, “Basi maji ikikuya, usiniite.” Niliondoka, nikanuna, na mnuno ule niliulea mwaka mzima na nusu kama mtu anavyolea mbuzi. Nilituma salamu kwa watu, nilituma sukari, lakini mguu wangu sikuupeleka. Maji yalipokuja, hakuniita. Simu yake ilikutwa kwenye tope, na kaka yangu aliniambia kwamba katika namba zilizopigwa asubuhi ile yangu haikuwamo. Tangu siku ile tukawa tunasalimiana kwenye misiba tu, na kwangu hakuwahi kuingia tena.

Tulipomzika mama hatukuwa na picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Nyumba ilikwenda na kila kitu, hadi kadi yake ya mpiga kura. Kwetu jeneza bila picha ni aibu na ni uchungu, wageni wanakuja hawajui waangalie wapi. Kwa hiyo nilikwenda mbio kwa yule mzee, maana nilijua hakuna ua wa Kilibula ambao hakuwahi kuingia. Nilimkuta amezungukwa na watu waliokuja kwa shida hiyohiyo, akifungua makasha, akitafuta sura za waliokwenda, na nilishangaa kuona kwamba alimkumbuka kila mmoja, alisimama wapi, siku gani, amebeba nini. Zamu yangu ilipofika alivuta kasha la chini, akasema kwamba anayo moja, ila uso haumo. Mama alikuwa amemkatalia. Alimwambia, “Piga hii chakula. Minye sura yangu batoto bangu banaijua.” Akanipa picha. Kulikuwa na mikono miwili, mikono ya mama yangu, na sahani ya bugali, sombe ya majani ya muhogo, na mukeke mzima, na mkono mmoja ulikuwa umeshika kifuniko kana kwamba ndio kwanza anakifunua au ndio anafunika.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimekuja kutafuta mama, yeye ananipa chakula. Watu waliokuwa pale waliinamisha vichwa. Yeye akasema tu, “Geuza kwanza, mama.” Nikageuza. Nyuma, kwa penseli, mwandiko mdogo ulionyooka, alikuwa ameandika: Kilibula. Amepikia binti yake wa Sange. Kila siku ya posho. Hajaja. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Nilisoma mara tatu. Kisha aliniambia kwamba ndivyo alivyofanya maisha yake yote, hapigi chakula kabla hajauliza kimepikiwa nani, na jibu analiandika vilevile, bila kuongeza. Alifungua kasha akanionyesha, na nyuma ya kila chungu cha mji huu kulikuwa na mtu. Mmoja amepikia mume aliye mgodini. Mwingine amepikia mgeni ambaye jina lake hajalijua bado. Mama wa maharagwe pale magari ya Bukavu yanaposimama alikuwa amejibu kwamba anapikia wote wasio na mama hapa. Nilidhani kwa miaka yote kwamba mtu huyu anapiga picha bugali. Nilikuwa mbele ya kitabu cha mapenzi ya mji mzima na sikujua kusoma.

Picha ile tuliiweka mbele ya jeneza. Nilihofia watu watacheka, lakini wanawake wa jirani waliisogelea mmoja mmoja, wakaitambua ile mikono mara moja, na kilio kilichotoka hapo sura yoyote isingekitoa. Ila mimi niliiweka kwenye fremu, upande wa maandishi ukiwa ndani, na kaka yangu sikumwonyesha. Nilijiambia kwamba ataumia. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mzee wa picha alikuja mazishini, akaiona fremu, akajua. Kila tulipokutana, sokoni au kwenye defile, alinisalimia vizuri, akauliza habari za shule, halafu akaniuliza swali lilelile, kama nilikwisha kumwonyesha kaka nyuma ya picha. Nilijibu kwamba bado. Hakunikemea, alisema, “Haya, mwalimu,” na akaendelea na kazi yake. Nilianza kumkwepa. Mara ya mwisho nilimwona kwa mbali akipiga picha mikungu ya ndizi, nikapita upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo nilipoambiwa amefariki, jambo la kwanza nililohisi, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa hakuna wa kuniuliza. La pili, kwamba sitaweza tena kumjibu ndiyo, lilikuja saa hiyohiyo, na ndilo lililonipeleka nyuma ya darasa.

Tunasema kwamba mji wetu haukumbuki, kwamba kila vita na kila mvua inaanza mambo upya. Tunataka sanamu, tunataka majina ya barabara. Mimi nimeanza kuamini kwamba mji unakumbukwa na mtu anayesimama mahali pasipo na heshima na kuuliza swali dogo, kisha akawa na uaminifu wa kuandika jibu bila kulipamba. Kazi hiyo haina cheo, na ofisi nyingi ambazo niliziandikia barua kuhusu makasha yale hazijanijibu hadi leo. Makasha yapo kwa binti wa marehemu, juu ya kabati, na walimu wawili tumekubali kumsaidia kuyanakili maandishi wakati wa likizo.

Baada ya mazishi sikwenda kwenye kituo cha mabasi. Nilikwenda kwa kaka yangu na picha ya mama katika mkoba, imetolewa kwenye fremu. Alikuwa ameketi uani anatengeneza redio. Nikampa picha kwa upande wa mgongo. Aliisoma taratibu, midomo ikitembea, akaiweka kwenye goti.

“Nilikuwa najua,” akasema. “Ile sahani yako, ni minye nilikuwa naikulaka kila kesho yake. Mama alikuwa anasema isitupwe.”

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka hii yote. Akasema alikuwa anangoja nije nimwulize. Tulikaa pale, wajinga wawili wa mama mmoja. Kisha nikamwambia, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, “Yaya, niko na njaa,” na akainuka mwenyewe kwenda jikoni, mwanamume ambaye sijawahi kumwona akishika mwiko.

Kwa hiyo nakuachia hili, msomaji wangu, na nililipata kwa bei ambayo sikutakii. Kama kuna nyumba ambayo umeacha kwenda kwa hasira, usijidanganye kwamba huko umekwisha kusahauliwa. Kuna sahani yako, na kuna mtu anaifunika. Nenda ukale.