Kinywa cha Aguti na Shahada ya Eriya

Kuna watu Tororo, wengine wamevaa tai, ambao mpaka leo husema kwamba Eriya Edimu alinyimwa shahada na wanawake wajinga wa kijiji cha Merikit. Mimi ni mmoja wa wanawake hao. Nilisoma mpaka darasa la sita kwa masista, gazeti nalisoma bila miwani, na jambo hili nalikumbuka lote. Basi nitalieleza, wenye tai wasikie.

Eriya alikuwa mtoto wa kaka yangu, Elungat. Kaka alipokufa, mjane wake Aguti aliwatoa ng'ombe zizini mmoja mmoja mpaka kijana akafika Bombei kusomea meno. Akarudi mwaka wa sitini na nne akiwa daktari wa meno kamili, wa kwanza kutoka kwetu. Tulichinja, tukacheza. Jumapili ile Aguti alikwenda kanisani ametanguliza kidevu, na hakuna aliyemlaumu.

Lakini kuna watu wakishiba ndipo njaa inapowaanza. Eriya alipata chumba Tororo, nyuma ya duka la nguo la Mhindi mmoja, akaweka kiti cha kulalia, akatundika kibao. Chini ya jina lake aliandika herufi za shahada aliyokuwa nayo. Halafu, kwenye mabano, akaandika herufi za shahada ambayo hakuwa nayo.

"Hizi zilizofungiwa uani ni za nini?" nikamuuliza.

"Shangazi, hiyo ni shahada ya juu ya upasuaji wa meno. Naitafuta Uingereza."

"Umeshaipata?"

"Bado."

"Mbona basi imefika ukutani kabla yako?"

Akacheka kwa pua, kicheko cha msomi.

Shahada hiyo siku hizi mnaiita uzamili. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba kitampokea akituma kwanza utafiti wake: sanamu za plasta za vinywa mia moja vya watu wa pande za kwao waliong'olewa meno ya chini kwa mila. Pungufu ya mia hawakutaka. Eriya alitaka kuwaonyesha Wazungu jinsi meno ya juu yanavyosogea mbele yakikosa wenzake wa chini, na katika karatasi zake hali hiyo aliiita ulemavu. Sisi tuliong'olewa tukiwa wasichana, bila hata kulia, kwa sababu aliyelia aliimbwa kwa kejeli mpaka akaolewa mbali. Miaka yote tulijua tuna urembo. Daktari akarudi kwa ndege kutuambia sisi ni vilema.

Mimi nilikuwa nimeolewa Masinya, karibu na soko la mpakani la Busia, kwa hiyo siku za soko nilimkuta huko akiwinda vinywa. Ana tochi, ana kioo kidogo chenye mpini, ana daftari. Anamwendea mtu mzima na mvi zake, hamsalimu, anamwambia, "Fungua." Sasa pale Busia anayefunguliwa mdomo bila salamu ni mmoja tu, ng'ombe, mnunuzi akitaka kujua umri wake.

Mzee Odoi, muuza kamba, alimtazama toka viatuni mpaka kichwani.

"Daktari, wewe nataka kununua mimi?"

"Hapana mzee, naangalia meno tu."

"Hata yule wa juzi alisema naangalia tu. Saa hii ndume yangu iko Bungoma." Watu wakaanza kucheka. "Haya, angalia. Lakini mkia usishike."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Eriya hakucheka. Aliandika tu katika daftari: mwanamume, miaka kama sabini, pengo la meno mawili.

Hivyo ndivyo alivyokusanya, miaka mitatu. Sanamu zikajaa rafu chumbani kwake, kila moja na jina lake. Zile zilizoharibika, zenye matundu ya hewa au zilizopasuka, alizitupia kwenye kasha chini ya meza. Na watu walianza kuchoka. Ikasemwa kwamba Eriya anapeleka vinywa vyetu Ulaya na hatujui vitasemeshwa nini huko. Alipofika tisini na tisa, milango ikafungwa.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake. Miaka mitatu Aguti alikuwa akimuuliza, "Mbona changu hukitaki?" naye akimjibu, "Baadaye, mama." Alimwonea haya. Alitaka kwanza vinywa vya wageni. Alipokosa ndipo akaja na plasta, na Aguti, maskini, alikaa kwenye kigoda kama anayepigwa picha ya harusi. Alikuwa na pengo la meno mawili chini, safi, ambalo alitemea mate yakavuka uwanja. Juu alikuwa na jino moja lililokatika pembeni, alilolivunja kwa kufungua soda siku ya Uhuru. Eriya akapata wa mia. Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Sanduku la sanamu lilitakiwa kupanda treni pale Tororo Jumamosi ya wiki ya pili yake.

Jumanne ya wiki hiyo Aguti akafa kwa kichomi.

Tulimwosha mimi na jirani yake, Akongo. Jumatano, watu wakiwa wamejaa, akafika Edeku, kaka wa marehemu, kutoka upande wa Kenya na watu wa ukoo wake. Hakukaa. Alisimama mbele ya Eriya akasema, "Mpwa wangu, sisi tulitoa dada yetu mzima. Nasikia kinywa chake kiko Tororo kwenye rafu, na Jumamosi kinasafiri. Kwetu hazikwi mtu nusu. Kilete, tumzike nacho."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wenye tai huruka mstari. Plasta ya Eriya ilikuwa imekwisha. Nyingine ilikuwa njiani kutoka Nairobi, ingefika siku mbili baadaye. Angeweza kusema, "Mjomba, nipe siku mbili, nitengeneze mfano wake, kisha hiki nikizike mwenyewe ubavuni mwa mama." Edeku angefoka, angetaka mbuzi, mwishowe angekubali. Namjua Edeku. Lakini kusema hivyo kulihitaji kuomba, na Eriya kuomba watu wasiojua Kizungu hakujifunza Bombei.

"Nitakileta," akasema. Akaingia katika gari lake, foksi, akaenda Tororo, akarudi jua likiwa kichwani na kitu alichokifunga kwa leso nyeupe. Akanipa mimi. "Kiweke, shangazi. Usikifungue, kitavunjika."

Mtu akiniambia usifungue, vidole vyangu hupata masikio yao wenyewe. Niliingia ndani kwa marehemu, nikafungua.

Meno sita ya chini hayakuwepo. Sita! Mtoto wa Merikit anayekamata kumbikumbi anajua kwamba mawili ni sisi na sita ni Wajaluo. Na juu, pale pa soda, jino lilikuwa zima. Kile kilikuwa kinywa cha mama mmoja Mjaluo aliyeuza samaki wakavu Busia, niliyemwona mwenyewe akitiwa plasta, kimejaa matundu, kimetoka kwenye kasha la chini ya meza. Daktari wa meno, mtafuta shahada ya juu, alikuwa amekwenda kwenye takataka, akachukua kilichotangulia mkononi, kwa kuamini kwamba mabibi vizee hawatajua. Vitabu vyake hatukuvisoma, kweli. Lakini kinywa cha Aguti nimekisoma miaka thelathini, kikila, kikinitukana, kikiniombea.

Nikatoka nacho nje, kimelala kiganjani.

"Eriya, huyu ni nani?"

"Shangazi, ni mama."

"Mama yako aliuza samaki lini?"

Akongo akasogea, akatazama, akashika kiuno. "Yesu! Ni mgeni kabisa huyu."

"Ninyi hamwelewi," Eriya akasema. "Plasta ikikauka hubadilika. Mimi ndiye daktari wa meno hapa."

"Na mimi ndiye niliyemwosha," nikamwambia.

Edeku hakupiga kelele. Aliwaambia wachimbaji waweke majembe chini, akakaa juu ya udongo wa kaburi, akatoa tumbaku yake. Eriya akarudi kwenye gari. Mara ya pili alileta kinywa chenyewe, tukakitazama sote, na jino la soda tukaliona. Tukamzika Aguti mzima.

Vikabaki tisini na tisa. Alhamisi Eriya alishinda Busia akitafuta kinywa kimoja. Alikuta habari imefika kabla yake na imeshavuka mpaka. Kila aliyemwendea alifumba midomo na kumwonyesha kwa kidole njia ya kurudi.

Ijumaa plasta ikaja kutoka Nairobi, na Eriya akaja matangani. Tulikuwa tunapepeta wimbi, yaani ulezi, wanawake wanane hivi.

"Shangazi, umebaki wewe."

"Nimebaki wapi?"

"Wewe ndiye wa mia. Treni ni kesho asubuhi."

Hakungoja jibu. Alipiga magoti kwenye mkeka, akamwaga unga wa plasta katika bakuli la mpira, akatia maji, akaanza kukoroga.

"Nitafungua," nikasema. "Kwanza waambie hawa ulitaka kumzika mama yako na kinywa cha nani, na kwa nini."

"Shangazi, plasta inakauka."

"Basi sema upesi."

"Haya ni mambo ya sayansi. Hamwezi kuyaelewa."

"Tueleze hata robo," Akongo akasema. "Sisi tuna siku nzima, hatupandi treni."

Wanawake wakacheka, kisha wakamngoja. Naapa ningefungua. Nilikuwa nimeshasukutua kinywa. Nilitaka maneno matano tu, nilidanganya mbele ya maiti, nisameheni, na ningepanua taya mpaka auone moyo. Eriya alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa anakoroga, halafu anakoroga polepole, halafu mkono ukagoma.

Akainuka. Kijiko kilikuwa kimesimama wima ndani ya bakuli, kimeshikwa. Akaondoka nacho hivyohivyo mpaka kwenye gari.

"Daktari," Akongo akamwita, "hata kuaga?"

Kesho yake treni ikaondoka na vinywa tisini na tisa, na sisi tukamaliza wimbi.