Mwongoza wageni anayeufuta uongo wake mlangoni kwa fundi cherehani

Saa tatu asubuhi, mwongoza wageni anasimama katikati ya uchochoro, mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, ananyanyua mkono. Wageni tisa wanasimama. Mmoja ameshatoa simu apige picha dirisha la ghorofani, lile lililozibwa kwa mbao na misumari.

"Subirini kwanza," anawaambia. "Hapa mtaambiwa kwamba fundi wa nyumba hii alimfungia mwanafunzi wake chumbani mpaka akafa. Ni uongo. Najua ni uongo kwa sababu niliutunga mimi."

Kijana mmoja anacheka, akidhani ni mbwembwe za kazi. Mama mmoja anauliza choo kiko wapi. Ndani cherehani iliyokuwa ikilia inanyamaza kidogo, kisha inaendelea.

Mtaani wanamwita Taratibu, maana hapigi hatua kumi bila kuwaonya wageni kwamba mawe yanateleza. Ana miaka hamsini na tisa na magoti yanayomsumbua kila kwenye ngazi. Kwa miaka ishirini na miwili amewatembeza watu katika vichochoro hivi vya mji wa kale: bohari la zamani, kisima kilichofukiwa, nyumba ya mpiga chapa. Anaijua kazi yake, hilo halina ubishi.

Uongo ulizaliwa mwaka wake wa tatu kazini, siku ya mvua.

"Wageni walikuwa wamenuna," anasimulia. "Tangu asubuhi hawajaona kitu ila kuta zilizolowa. Nikaona hawa leo wataondoka wananisema. Nikatazama juu, dirisha limepigiliwa. Nikasikia cherehani. Basi, maneno yakaja yenyewe."

Dada mmoja alilia machozi siku hiyo. Taratibu haoni sababu ya kuficha: alijiona bingwa. Kesho yake akairudia, akaongeza gauni la harusi lililoungua pasi. Wiki iliyofuata akaongeza ukelele. Akaja kuwafundisha kazi vijana saba, nao wakaichukua kama ilivyo, kila mmoja akatia chumvi yake.

Na ukweli wa dirisha? Mume wa fundi ndiye aliyelipigilia, kwa sababu mvua ilikuwa ikiingia na kulowesha vitambaa vya wateja. Akafariki kabla ya kupata fremu mpya. Ni hilo tu, jamani. Mvua.

Fundi mwenyewe sasa ana miaka sabini na sita. Chumba chake cha chini kina cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kigoda cha wateja ambacho siku hizi hakina mteja. Hadithi ile ilipigwa kwa lugha za kigeni asizozielewa, kwa hiyo miaka mingi hakujua lolote.

"Walikuwa wakisimama hapo nje wananitazama," anasema. "Nikasema masikini, wametoka mbali. Nikawa nawapungia mkono."

Baadaye wakaanza kuja wageni wa nchini, na hadithi ikasimuliwa kwa Kiswahili. Haikuchukua muda. Wateja wa magauni ya harusi wakapungua, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Binti yake wa pekee alikuwa ameshachumbiwa. Upande wa mume mtarajiwa ukamtuma shangazi aulize mambo fulani, na baada ya hapo hawakurudi tena.

Binti akaja nyumbani, akaketi kwenye kigoda kile.

"Akaniuliza, 'Mama, ni kweli?'" Fundi anakunja futi yake ya kupimia, anaikunjua. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikamfungulia mlango. Nikamwambia toka."

Alitoka. Imetimia miaka kumi na mmoja. Yuko mji mwingine, na tangu siku ile mama na mwana hawajasikiana sauti.

Wiki moja baadaye fundi alijitosa kwenye kundi la Taratibu, futi shingoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamuuliza mbele za watu, "huyo mwanafunzi alikuwa nani? Mimi nimefundisha wasichana wanne, wote wazima, mmoja mpaka leo hajanirudishia mkasi wangu."

Wageni waliangua kicheko. Taratibu alitamani ardhi ipasuke.

Toka hapo kila siku anasimama mlangoni na kuukana uongo wake mbele ya wageni. Ukweli haumlipi. Alikuwa akitembeza makundi matatu kwa siku. Sasa akipata moja anashukuru. Kati ya vijana wake saba, watatu bado wanaisimulia ileile. Mmoja wao hakunificha: "Mzee namheshimu, ndiye aliyeniingiza kazini. Lakini tukiifuta hiyo, wageni wasimame pale waangalie nini, rangi ya mlango?"

Fundi anasema alimsamehe Taratibu siku ileile. "Mdomo ulimponyoka. Sina kinyongo naye. Ila msamaha wangu haunirudishii mtoto."

Miguu yake imevimba. Daktari amemwambia ni moyo, na hakumzungushia maneno. Akishona saa moja, anapumzika mbili. Kumpigia binti yake hawezi, anasema, kwa sababu yeye ndiye aliyemfukuza.

Mwezi uliopita Taratibu aliipata namba ya binti kupitia rafiki aliyesoma na binti huyo. Akapiga, akakiri yote.

"Uongo uliwaambia watu wote," binti akasema. "Ukweli unakuja kuninong'oneza mimi kwenye simu? Wageni unaowaambia wanaondoka kesho yake. Kasemee palepale ulipousemea, mbele ya majirani na vijana wako. Nitasikiliza."

Ndiyo itakavyokuwa Jumamosi hii. Taratibu amewaita vijana wake wote saba mlangoni kwa fundi, na majirani. Watano wamekubali, wa tano alikubali jana. Simu itafunguliwa sauti, aseme, binti asikie. Akimaliza atamkabidhi fundi simu na kusogea pembeni.

"Binti asipoongea na mama yake, nitajua nimechelewa," anasema Taratibu, na macho yake hayaniangalii.

Nilimuuliza fundi kama ataipokea simu hiyo. Akatoa uzi kwenye sindano.

"Nitaipokea. Nitamwambia siku ile ningecheka tu. Mtoto ameuliza upuuzi, mama anacheka, mnapakua chakula, yanaisha. Mimi nikamfungulia mlango." Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Mungu anifikishe Jumamosi."