Echata Aliyefunga Mwezi Mzima

Mama mdogo Echata alikuwa na miaka kumi na saba alipokula mchana wa Ramadhani bila udhuru.

Ilikuwa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, mwaka 1978. Sisi ni Wangazija wa Mahajanga, na baada ya fujo za 1976, Wangazija walipouawa mjini mwetu, familia ilikimbilia Nosy Be kwa ndugu, wanawake wengi katika nyumba moja. Katika nyumba kama ile hedhi haina siri. Aliye katika siku zake hafungi wala haswali. Anakula jikoni nyuma, mlango ukiwa umerudishwa, na baada ya Idi analipa siku zake.

Echata alifunga mwezi mzima. Mwaka wa kwanza walimsifu. Mwaka uliofuata binamu yake Charifa alimwuliza mbele ya wote, "Wewe malaika, hupumziki hata siku moja? Au unakula chooni?"

Wakacheka, na Echata naye akacheka. Kesho yake akaingia jikoni, akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akala muhogo wa jana pamoja nao. Charifa akamsogezea chai. "Karibu duniani, mdogo wangu."

Aliniambia kwamba hajawahi kula kitu kitamu kama ule muhogo, wala hajawahi kumwogopa Mungu kama siku ile. Baada ya Idi alilipa, akaongeza na siku nyingine kwa ajili ya uongo.

Mama yake, bibi yangu Sitti, hakudanganyika. Hapakuwa na vitambaa vilivyofuliwa. Akampeleka Mahajanga kwa daktari, mwanamke wa Kimalagasi asiye na haraka. Alimpima, akamfanyia upasuaji mdogo ili aone ndani, kisha akaja kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Ovari zako ni nzima," alisema. "Ndizo zilizokupa matiti na umbo. Kila mwezi linakomaa yai, linatoka. Kwa wengine linapita kwenye mrija mpaka kwenye mji wa mimba, ambao ukuta wake umenenepa kwa damu ukilingoja. Lisipopata mbegu, ukuta ule unabomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Wewe mji wa mimba haukuumbika tangu ukiwa tumboni kwa mama yako. Yai linayeyuka mwilini, basi."

"Ni mwanamke au si mwanamke?" aliuliza Bibi.

"Ni mwanamke, mama."

"Mwanamke wa nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kitambaa hiki kinashonwa nini. Daktari akaeleza kwamba uke wake ni mfupi, ila unaweza kupanuliwa polepole. Mume angeweza kuwa naye, mtoto hapana. Bibi alisikia neno la mwisho tu. Ndani ya meli ya kurudi alimwapisha bintiye asimwambie mtu.

Kila Ramadhani, basi, Echata aliendelea kuingia jikoni kwa siku zake za uongo.

Familia ilirudi Mahajanga. Babu alikuwa amemjengea nyumba mtaa wa Antanimasaja, kama binti wa Kingazija anavyojengewa. Mwaka 1983 akaposwa na Youssoufa, seremala mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na Echata alimpenda.

"Usimwambie," alisema Bibi. "Kwetu mume ndiye anayehamia. Ataingia na sanduku lake, akichoka atatoka nalo. Nyumba ni yako. Watu watasema hakujaaliwa, na wasiojaaliwa ni wengi."

"Na usiku wa kwanza?"

Bibi akainuka, akaenda kutazama chungu.

Wiki chache kabla ya harusi Youssoufa alikuja kuranda mlango uliovimba kwa mvua. Echata akasimama upande wa ndani.

"Youssoufa, mimi sipati hedhi."

Akacheka kwa aibu. "Bweni," alisema, neno la heshima la Kingazija kwa mwanamke, "mambo hayo mwambie mama yangu."

"Sina mji wa mimba. Nilizaliwa bila huo. Sitazaa."

Randa ikasimama. "Umerogwa?"

"Ndivyo nilivyoumbwa."

"Wako madaktari Antananarivo."

"Watatibu nini, na hakipo?"

Akapuliza maranda ubaoni, ingawa yalikuwa yamekwisha kuanguka. "Kwa nini umeniambia? Mama yangu ameanza kuchagua majina."

"Ndiyo maana."

Alimaliza kazi, akajaribu mlango mara mbili, akasema, "Nitakuja Ijumaa." Hakuja. Mwaka uliofuata alimwoa Mariama, akahamia kwake Antsanitia, nje ya mji. Ila siri aliilinda. Echata alilijua hilo kwa sababu Charifa, asiyeweza kufunga mdomo, aliendelea kumsuta kwa jambo lisilo lenyewe: "Fundi umemfukuza kwa maringo gani, dada? Alikuwa na pua mbaya?"

Echata alikubali kuitwa mwenye maringo. Hakuposwa tena. Alishona nguo za watu katika chumba cha mbele, na vyumba vya nyuma, vilivyojengwa kwa ajili ya watoto, aliviweka safi.

Mwaka 2011 aliniita. Mimi hufundisha biolojia katika lise, shule ya sekondari ya hapa, naye alidhani nitajua dawa ya malaria inayokataa kupona.

"Joto linaanzia kifuani, linapanda usoni, nalowa. Kisha baridi. Na usingizi hakuna."

"Hii si malaria, mama mdogo. Ni umri. Hedhi inakoma."

"Kwangu haiwezi kuwa hiyo," alisema, na hapo ndipo aliponisimulia yote niliyoandika hapa, akitazama mikono yake.

Nilimweleza kwamba joto lile halitoki kwenye mji wa mimba. Linakuja ovari zinapopunguza homoni zake, na zake zilikuwa zimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini, yai kwa yai. Sasa zinachoka kama za wenzake.

Akajifuta jasho shingoni kwa ncha ya kanga.

"Charifa alipofikia umri huu alijipepea kila maulidi. Alituchosha kwa kulalamika."

"Alikuwa na haki."

"Basi na mimi nitalalamika," akasema, akainuka kidogo kitini kama mtu anayetaka kutoka.

Lakini Charifa alikuwa Marseille, Ufaransa, kwa wanawe, na Bibi tulikwisha kumzika. Aliketi tena, akaokota upepeo, akanilalamikia mimi mpaka adhana ya Magharibi.